Kichaka Kinachopiga Mluzi

Mikelenge, Kindu, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Mwamini,

Nakusikia unavyojigeuza ng'ambo ya pazia, na wewe bila shaka unasikia kalamu yangu. Hatujazungumza vizuri tangu siku ile nilipokupiga kofi, na kesho asubuhi boti ya Ubundu inakuchukua. Ningeweza kulifunua pazia nikakuambia haya kwa mdomo. Nimejaribu, nikaishia kukuuliza kama sanduku lako linafunga. Ukasema linafunga. Nikarudi kukaa.

Ya chandarua, ya chumvi, ya kutolala karibu na injini, ya wasafiri watakaotaka kukubebesha mizigo yao mpaka Kisangani, shangazi yako amekwisha kuyasema, na mengine ameyasema kuliko yanavyostahili. Mimi nitakuambia habari ya lile kofi.

Ulikuwa unaosha sahani nyuma ya nyumba, jua linashuka, mimi nachuja mawese. Ukaanza kupiga mluzi, umejisahau kabisa. Sauti tatu: ya kwanza inapanda, ya pili inakaa palepale, ya tatu inashuka na mwisho wake unavuja kidogo, kama pumzi inayopita kwenye pengo la jino. Mawese ya moto yalinimwagikia mguuni na sikuyasikia. Nilikuwa nimekwisha kukupiga kabla sijajua kwamba nimesimama.

"Nani amekufundisha ule muluzi?" nilikuuliza.

"Hakuna muntu, mama. Njo ndege ya mule shambani kwetu. Nasikiaka kila siku mu kasanduku ya kunasa sauti."

Nikasema mtoto wa kike hapigi mluzi, tena magharibi, anaita majoka. Nilisema hivyo mbele ya shangazi yako na majirani, kwa msichana mkubwa aliyemaliza masomo na kupata kazi. Ulikuwa na haki ya kuninunia. Ukweli ni kwamba majoka hayajanitisha maishani. Nilitishika kwa sababu mluzi ule ni wa baba yako, na wewe hujawahi kumsikia.

Ngoja kwanza niutoe uongo nilioulea. Nilikuambia baba yako Ramazani alikufa kwa homa kule Tunda, alikokwenda kutafuta mchele. Ulipokuwa mdogo uliniomba nikupeleke ukaone kaburi lake. Nikasema barabara mbovu. Ukakua, ukauliza tena, nikasema mvua. Mwongo hakosi mvua. Mwanangu, Tunda hakuna kaburi la baba yako, wala mahali pengine popote ninapopajua mimi.

Wakati wa vita mji huu ulifunikwa kama chungu. Ndani walikuwa askari walioushika mji, nje porini walikuwa wale wengine, na siandiki majina yao maana baadhi yao leo tunasalimiana sokoni. Treni haikuja, boti hazikuja. Tulipika sombe, majani ya muhogo matupu, bila chumvi wala mafuta, na mwenye kupata hata hiyo sombe aliitwa tajiri. Shamba letu la mtoni lilikuwa na muhogo umekomaa ardhini na michikichi imejaa, lakini ukitoka mjini kwenda kule, wa porini wanasema wewe ni mpelelezi wa mji. Ukirudi na kikapu, wa mjini wanasema wewe ndiye unayewalisha wa porini. Mkulima hakuwa wa upande wowote, kwa hiyo kila upande ulimtilia shaka.

Wanaume ndio waliokuwa wakichukuliwa zaidi njiani. Baba yako akahamia shambani moja kwa moja, akajificha kwenye kichaka nyuma ya michikichi. Mchana alilala, usiku alichimba muhogo na kukamua mawese. Mimi nilishuka jioni na kikapu mpaka ukingo wa shamba, kabla ya saa ya watu kufungiwa ndani. Yeye alipiga ule mluzi kutoka kichakani. Mimi nikiona njia ni salama nilijibu sauti mbili, ya chini kisha ya juu. Hapo anatoka, tunapeana mzigo, ananishika tumbo maana wewe ulikuwa humo, kila mmoja anarudi alikotoka. Nikikaa kimya, maana yake kuna hatari, rudi ndani. Familia nyingi za huku zilikuwa na mluzi wao siku zile. Ule wa kwetu baba yako aliupata kwa baba yake, na ule uvujaji wa mwisho ulitokana na jino la mbele alilovunja utotoni alipoanguka kwenye mchikichi.

Jioni moja akaniambia, "Akizaliwa, mwanaume ao mwanamuke, miye njo nitamufundisha muluzi."

Nikamwambia mwanamke hapigi mluzi.

"Na weye unapigaka nini?" akasema. Alikuwa mtu wa maneno hayo.

Sasa ndani ya kichaka kile alikuwamo yule ndege wenu, mwenye kifua cha rangi ya mawese na utosi mweupe, ambaye unasema vitabu vinamwita kurumbiza. Sisi tulimwita mwigaji tu. Anamwiga kwale, anamwiga mwewe, anamwiga kifaranga aliyepotewa na mama yake. Alikuwa akimsikia baba yako kila jioni, akaanza kumwiga na yeye. Mwanzoni tulicheka. Nilijibu, nikangoja, hakutoka mtu, halafu baba yako anatokea upande mwingine akijishika mbavu. "Unajibizana na ndege, mama." Tukawa tunawatofautisha kwa lile jino, maana ndege hakuwa na pengo.

Kisha ikaja jioni aliyotoka bila kucheka. Aliweka mzigo chini akatazama nyuma.

"Sasa amejifunza na jino yangu," akasema. "Nimelala mule ndani, nasikia najiita."

Tungebadilisha mluzi palepale. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Tulisema tutabadilisha kesho, na kesho tukasema kesho. Ulikuwa mluzi wa baba yake, walikuwa wanaitana nao tangu utoto, yeye na mdogo wake Shabani, na vita vilikuwa vimekwisha kumnyang'anya vitu vingi. Sikumlazimisha. Siku chache baadaye nilimjibu ndege, na sauti yangu ikamleta askari kutoka barabarani. Alikuwa kijana tu. Alichukua kikapu, akanipiga kitako cha bunduki begani, hapa ninapokulalamikia siku za mvua. Nikaapa sitajibu tena kitu nisichokijua.

Njaa haijui kiapo, kwa hiyo jioni iliyofuata nilishuka tena. Huko juu barabarani kulikuwa na watu wanazungumza, sikuweza kujua ni akina nani. Mluzi ukaja. Ulikuwa na jino. Nikasikiliza. Mwamini, sijawahi kusikiliza kitu duniani kama nilivyousikiliza mluzi ule. Ukaja tena. Nikatafuta pumzi ya mtu ndani yake, nikatafuta kifua chake, uchovu wake, chochote. Sikuweza kujua. Nikanyamaza. Ukaja mara ya mwisho, karibu zaidi, kisha ukaacha. Majani yakasogea kidogo, yakielekea ndani. Nikajiambia ni upepo, nikarudi nyumbani na kikapu kitupu.

Kesho yake sikungoja kuitwa, niliita mimi. Kichaka kilinyamaza. Siku iliyofuata pia. Halafu jioni nyingine mluzi ukasikika, na jino lake, nikaingia kichakani nikikimbia na tumbo langu, nikamkuta ndege juu ya tawi, anatikisa mkia, ananitazama. Chini yake palikuwa na mkeka wa baba yako umekunjwa vizuri na chungu cha mawese kimefunikwa kwa jani. Damu haikuwapo. Yeye hakuwapo.

Mpaka leo sijui jioni ile aliita nani. Ikiwa ni ndege, basi yaliyompata baba yako yalimpata bila mimi. Ikiwa ni yeye, ukimya wangu ulimwambia kuna hatari, rudi ndani, naye akatii, akaenda mbali kuliko nilivyomwambia. Nimeishi na mawazo haya mawili kama mwanamume mwenye wake wasioelewana: nikimpa huyu sikio, yule ananuna. Watu wakiniuliza kwa nini sikuolewa tena nawaambia wanaume wa Kindu wanapenda kula sana.

Vita vilipokwisha watu walirudi mashambani, mimi sikurudi. Nilimwambia baba yako mdogo Shabani kwamba askari walifukia mabomu kule. Maneno hayo yakatembea, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyahakikisha kwa mguu wake. Shamba likalala, likawa kichaka, kichaka kikawa pori. Pande zote watu walikata, wakachoma, wakapanda mpunga na muhogo mpaka ukingoni. Letu likabaki limesimama peke yake katikati. Kila nilipopita njia ile jioni, na nilijitahidi nisipite, lilikuwa linaniita.

Ndipo ukapata kazi na watu wa ndege, ya kufunga vile visanduku vya kunasa sauti kwenye miti ya watu, ili ijulikane ndege gani wamebaki mahali panapolimwa. Nilikucheka. Nikasema tunapakana na komini nzima ya mji inayoitwa Kasuku, na kasuku wenyewe wameuzwa wote mpaka wa mwisho, sasa kisanduku cha nini. Hukukasirika. Ulinieleza kwamba mtu akiingia shambani ndege hunyamaza, na sikio la mtu huchoka, lakini kisanduku kinaning'inia pale hakimtishi yeyote, kinasikiliza alfajiri na magharibi, halafu ninyi mnasikiliza kilichosikia, na kompyuta inaichora kila sauti mstari wake. Nilipenda ulivyoeleza. Sikukuambia hivyo, lakini nilipenda.

Halafu siku moja ulirudi na matope mekundu ya kule mtoni miguuni, nikajua umeingia shambani kwetu na hakuna bomu lililokuzuia. Nilikupikia samaki.

Ulikuja na habari ukiwa na furaha. Mashamba yaliyosafishwa yalikuwa na ndege walewale wachache. Yale ambayo mwenyewe ameacha miti yalikuwa na wengi zaidi. Letu liliyashinda yote, hata ndege wa msituni mliodhani wamehama walikuwamo. Mkubwa wenu akaja hapa kunishika mkono, akaniita mama mlinzi. Nilimpa ndizi za kukaanga na sikumtazama usoni. Ndege wale niliwatunza kwa uongo na woga, mwanangu, na wao hawakujali, walitaga tu.

Jioni yake ulinionyesha mchoro. "Hii njo ya ajabu, mama," ulisema. "Iko naiga kitu, lakini hatujue ni nini. Ku mashamba ya wengine haiko. Na asubui haipigake, magaribi tu." Mstari ulipanda, ukalala, ukashuka, na ncha yake ilikuwa imechafuka kama wino uliopanguswa kwa kidole. Nikakuuliza ndege kama huyo anaishi miaka mingapi. Ukasema michache tu, huyu alijifunza kwa mwingine, na huyo kwa mwingine aliyemtangulia. Nikautazama uchafu ule wa ncha. Lilikuwa jino la baba yako, limechorwa. Nikasema nakwenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Wewe ukaendelea kukaa na sauti ile masikioni, siku baada ya siku, mpaka ikahamia mdomoni. Baba yako alisema yeye ndiye atakayekufundisha. Nilikupiga kofi kwa sababu aliweza.

Leo alasiri nilikwenda kwa Shabani. Unajua amekuwa akinisumbua tangu ulipotoka mule mzima, anataka tukate pori tupande michikichi mipya. Nikamwambia kweli mabomu hayakuwapo kamwe, mimi niliyatunga.

"Basi, shemeji, kama bombe haiko njo tukate," akasema.

"Hatukate."

"Juu ya nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno yenu, ya ndege na miti na udongo. Yalinitoka mengine. "Iko muntu mule, Shabani. Ananiitaka."

Nilidhani atanicheka au atamwita mkewe. Aliweka panga chini, akakaa kwenye kinu kilicholala, akajipangusa uso kwa fulana yake. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuona haya.

"Nilizania ni miye peke yangu njo nasikiaka," akasema. "Njo maana nilitaka tukate. Ananiitaka na ule muluzi wa utoto. Na miye sijajibuka hata siku moja."

Miaka yote hiyo tumekula pamoja sikukuu zote, tumezika wazee pamoja, na kila mmoja anasikia, na kila mmoja ananyamaza akidhani mwenzake atamwona mwehu. Tulikubaliana pori libaki. Yeye akaongeza kwamba mimi nikifa atalikata, na mimi nikamwambia kwa anavyokohoa tutaona nani atamtangulia mwenzake. Tulicheka kidogo. Usimwambie nimekuandikia kwamba alilia.

Mwamini, unakwenda Kisangani kujifunza kusikiliza, na utakuwa hodari, maana hilo sikio ulizaliwa nalo. Najua sauti msiyoitambua mnaiweka kando mpaka mwingine aje aitambue. Kwa ndege ni sawa. Mimi nilifanya hivyo kwa mtu. Nilitaka kujua kwanza, nikaiweka kando, na haijatambuliwa mpaka usiku huu. Wakati mwingine najiona nimesimama ukingoni mwa shamba na kikapu, sasa hivi, bado nasikiliza, na kila kitu kingine, kuzaliwa kwako, meno yako, shule yako, vimepita nyuma ya mgongo wangu. Nilikuwa mama aliyesikiliza upande mwingine. Uliponiita nikachelewa kuitika ulidhani sikupendi. Nilikuwa nahakikisha ni wewe.

Nisamehe kofi. Nisamehe na Tunda. Nakupenda, na naiogopa nyumba hii kesho jioni, upepo ukitoka mtoni na wewe hupo.

Sasa, kesho sitakusindikiza bandarini, shangazi yako ndiye atakayekwenda nawe, na atalia kwa niaba yetu sote. Mimi nitakuwa nimetangulia shambani, kule chini kwenye kona ya mto ambapo boti husogelea ukingo ili kukwepa mchanga. Simama upande wa kushoto. Pori letu utalijua, ndilo pekee lililosimama.

Mluzi utatoka mule. Itakuwa asubuhi, na umesema asubuhi ndege haupigi. Inawezekana ni mimi, maana na mimi meno ya mbele yameanza kuniaga. Inawezekana si mimi. Injini itakuwa inapiga kelele, watu wanaimba, mbuzi wanalia, na hutaweza kujua. Jibu lake ni sauti mbili, ya chini kisha ya juu. Maana yake njia ni salama, toka.

Usisikilize sana, mwanangu. Jibu.

Mama yako,
Sakina